Ukungu kwenye Monita Mpya

Moshi, 12 Februari 2024

Kaka Gaudens,

Shikamoo. Najua utashangaa kuletewa barua ya karatasi na kondakta wa basi, kama enzi zile uko seminari. Kioo cha simu yangu kimepata shida, na hata kingekuwa kizima, wewe ukiandikiwa WhatsApp unajibu kidole gumba. Mimi dada yako, si mteja. Kaa kwenye kiti usome mpaka mwisho.

Ni ile monita uliyonitumia kabla ya Krismasi, ya zamani ilipokufa. Ile ya zamani ilikuwa mtumba wa maofisini huko Ulaya, ina mkwaruzo kwenye pembe, lakini ndiyo iliyonilisha mimi na watoto tangu baba yao afariki. Hii yako imekuja na boksi lake, inanukia upya, mama mkwe wangu akaipigia vigelegele. Tatizo ni kwamba tangu ije, kazi yangu imeharibika.

Kila picha naiona imepauka, kama imemwagiwa maziwa juu. Basi naongeza rangi, naongeza weusi, mpaka naona sasa imekaa sawa, natuma kuchapa. Zikirudi ni aibu. Bibi harusi wa Kibosho ametoka rangi ya karoti. Juzi nimetengeneza ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa Uru, na kwenye jalada marehemu amekuwa mweusi tii mpaka wajukuu wakauliza huyu ni nani. Mwanawe alikuja studio akaziweka zile ratiba mezani, akaondoka bila neno. Afadhali angenitukana.

Watu wameanza kupeleka picha zao kwingine, kaka. Studio ndiyo shamba langu, sina lingine. Naomba unibadilishie, uniletee ya aina nyingine kabisa, kubwa, yenye mwanga mkali kuliko zote ulizonazo. Na unieleze hizi paneli zinatofautianaje, maana hapa mjini kila fundi ana lake. Mdogo wetu Hillary usimwambie. Atatangaza kwenye grupu la ukoo kabla jua halijazama.

Dada yako,
Theopista


Kariakoo, Mtaa wa Aggrey
17 Februari 2024

Theo,

Marahaba. Mambo? Barua yako nimeisomea dukani wateja wamejaa, nikacheka peke yangu kwenye karoti, nilipofika kwa yule mzee wa Uru nikaacha. Pole sana. Mimi ndiye niliyekupa kitendea kazi, kwa hiyo lawama nibebe mimi.

Umeniuliza paneli, sasa tulia nikupe shule, maana hii ndiyo fani yangu. Monita nyingi unazoziona, kioo chenyewe hakiwaki. Nyuma kuna taa, mbele kuna vijidirisha vidogo mno, mamilioni, vinafunguka na kujifunga kupitisha mwanga. Ubishi wote wa paneli ni jinsi vile vidirisha vinavyofunguka. Kuna TN, hiyo ni ya haraka na rahisi, vijana wa magemu wanaipenda, lakini ukiinuka kidogo kwenye kiti mtu uliyemwona wa maji ya kunde anageuka kijivu. Kwa picha hiyo isikanyage kwako. Ile niliyokutumia kabla ya Krismasi ni VA. VA ikifunga inafunga kweli, nyeusi yake ni ya usiku wa mgao wa umeme, filamu inapendeza mno. Ila ukiitazama kwa pembeni inafifia, na wewe najua hukai katikati, unakaa upande wa dirisha umbea usikupite. Nikajua hapo ndipo penye shida.

Kwa hiyo nakuletea IPS. Hii haifungi sana, nyeusi yake ina ukijivu kidogo, lakini ngozi inabaki ngozi hata ukiitazama ukiwa mlangoni. Hizi mbili hazifanani hata kidogo, ni kama nazi na embe. Nilitaka nikupe OLED, ile ambayo kila kidoti kinawaka chenyewe hakuna taa nyuma, lakini ukiiachia picha moja muda mrefu inabaki na kivuli chake. Wewe na ratiba zako za mazishi, utakuwa unamwona marehemu kila ukiwasha kompyuta. Hapana.

Mwanga mkali sijakupa. Mwanga mkali hauongezi ukweli wa rangi, unaumiza macho tu. Hiyo ni studio, siyo disko.

Nimeichukua kwa Janki, binti wa mzee Harshad, wenye duka la jumla ng'ambo ya korido yangu. Kontena lao lilikuwa limekwama bandarini, limetoka juzi, kwa hiyo hii ni mpya ya mpya. Nimeifungua mwenyewe, nikaifunua nailoni, nikakagua isiwe na doti iliyokufa, kisha nikairudishia nailoni yake taratibu, haina hata mkunjo. Kariakoo kioo kisicho na nailoni hakiuziki. Mteja akikuta imetoka anakuambia umemuuzia mtumba, na maneno mengine ambayo mtu wa kanisa sitayaandika.

Ile ya kwanza irudishe na basi lolote. Salamu kwa watoto na mama mkwe wako, Bibi Severa.

Kaka yako,
Gaude


Moshi, 27 Februari 2024

Kaka,

Shikamoo. Monita imefika salama. Ni nzuri. Ahsante sana, Mungu akuzidishie.

Nina swali ambalo halihusu monita. Wewe ulikuwa mkubwa wakati macho ya baba yanaanza kuharibika. Mimi nilikuwa bweni, niliporudi likizo nikamkuta anashikwa mkono. Ilianzaje? Niambie unavyokumbuka, usinipunguzie.

Na jambo la pili. Joyceline wangu anamaliza darasa la saba mwaka huu. Ikitokea nimeshindwa kumsomesha, wewe na Matilda mtamchukua? Nijibu ndiyo au hapana. Usiniulize kwa nini.

Theopista


Kariakoo, 2 Machi 2024

Theo,

Unaniambia nisikuulize kwa nini, halafu unaandika barua ya namna hiyo. Mimi si mtoto. Nimekuelewa.

Joyceline ni mwanangu, jibu ni ndiyo, lilikuwa ndiyo tangu alipozaliwa. Mke wangu Matilda ameshaanza kupima chumba kwa macho. Lakini huyo mwanaume anayetaka kukuoa bila watoto wako, naomba jina lake na la baba yake, na kijiji anachotoka. Umri huu unaweza kumpata mtu mwenye adabu, huna haja ya kumpokea anayechagua kama yuko Mchikichini anapekua mitumba.

Na hilo la macho ya baba nalo nimelielewa. Ni ndugu zake, siyo? Wametumwa kuchunguza ukoo wetu kama una ugonjwa. Nao wana haki, hata sisi tulipeleka watu kuuliza habari za kwao Matilda. Basi waambie ukweli, hatuna cha kuficha. Waambie hivi.

Baba alianza kuona ukungu. Taa ya karabai akaiona imevaa duara za rangi, akidhani ni mafuta machafu, akagombana na mwenye duka. Kuhusu macho hakusema kitu. Kihambani, kwenye shamba la nyumbani, alikuwa anatembea kwa mazoea, kila mgomba aliupanda mwenyewe, nani angemgundua? Tulijua siku moja nyumbani kulipokuwa na wageni, baba akanyoosha mkono mlangoni akamsalimia mtu, akamuuliza habari za kwake, akasubiri jibu. Lilikuwa koti limetundikwa. Sisi wote tulikuwa tumekaa pale, na hakuna aliyejua atazame wapi. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na mngekuja mapema tungeizuia. Hilo neno mapema lilimuuma baba kuliko upofu wenyewe.

Sasa niambie, huyo bwana ana kazi gani?

Gaude


Moshi, 8 Machi 2024

Kaka,

Hakuna bwana. Natamani angekuwepo, ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Nilidhani ningekuficha mpaka nijue la kufanya, lakini umeniandikia karabai ya baba na nimeshindwa kula tangu jana. Kaka, macho yangu yanakwenda.

Ile monita ya pili niliiwasha nikiwa na matumaini yote. Ukungu ule ule. Maziwa yale yale. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba VA na IPS hazifanani hata kidogo, nikafikiri: kama vioo viwili visivyofanana vina ukungu mmoja, basi ukungu hauko kwenye vioo, uko kwangu. Ndiyo maana nilikuambia ni nzuri. Nilijua ni nzuri, mimi ndiye mbovu.

Halafu nikawa natengeneza picha za kipaimara. Mishumaa iko mstari mzima mbele ya altare, na kila mshumaa nikauona una duara za rangi, nyekundu, kijani, kama upinde wa mvua mdogo. Nilizima kompyuta. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka watoto wakagonga. Na wakati huo sikuwa hata nimesikia habari za karabai. Sasa umenithibitishia.

Simu niliyokuambia kioo chake kina shida, sasa najua ni nzima. Nayo naiona ina weupe weupe, nikaogopa kuitazama, nikaizima na kuitupa kabatini. Karatasi haina mwanga, haiwezi kunionyesha kitu nisichotaka kuona. Hospitali sijaenda. Nikienda wataniambia, na nisipoenda bado sijaambiwa. Najua ni ujinga. Ni ujinga ule ule wa baba na sasa namwelewa.

Ninachowaza usiku na mchana ni wale watoto. Mpiga picha kipofu nani atamletea harusi yake? Nimefikiri niuze kamera na mashine ningali naweza kuzieleza kwa mnunuzi, nianze kuuza mboga ambazo mtu anaweza kuzishika kwa mkono. Mama mkwe hajui kitu. Yeye furaha yake ni hiyo monita. Kila asubuhi kabla sijaamka anaifuta ile nailoni kwa kitambaa chenye maji, na pale ilipoanza kubanduka kwenye pembe ameibana na selotepu. Anasema kitu kikishavuliwa nailoni kinaanza kuzeeka siku hiyo hiyo. Makochi yake unayajua, tangu mwanawe anioe hayajawahi kuguswa na mtu, watu wanakalia nailoni. Namwangalia anavyoisugua monita na roho inaniuma, maana anamtunzia kitu mtu ambaye hataweza kukitumia.

Usimwambie Hillary. Safari hii nakuomba kwa jina la mama.

Theopista


Kariakoo, 11 Machi 2024

Theopista,

Kabla hujasoma mstari wa pili, inuka uende kwenye monita. Toa selotepu. Shika ile nailoni kwenye pembe uivute. Yote, mpaka kioo kibaki uchi. Washa kompyuta ufungue ile picha ya mishumaa. Kisha rudi.

Umerudi?

Dada yangu, ile nailoni ni ya safari. Inawekwa kiwandani ili kioo kisikwaruzwe njiani, ukifika unaitoa. Juu yake ina weupe, na mimi nilivyoirudishia kwa mkono nimeingiza vumbi na hewa katikati, hizo ndizo duara zako za rangi. Ile ya kwanza hata sikuigusa, ila nayo ilikuwa na nailoni yake, na Bibi Severa akaisugua kwa maji mpaka ikafubaa. Vioo viwili visivyofanana, ndiyo. Nailoni mbili zinazofanana.

Nilipofika kwenye habari ya Bibi Severa nilisimama nikatoka dukani bila kuaga mteja. Nikamsomea Janki. Nilikuwa nalia, sijali, watu wa korido walidhani nimefiwa. Janki akaniambia nirudie pale pa kitambaa chenye maji. Nikarudia. Akaweka chai yake chini, akaniuliza, "Gaude, wewe unauza monita au unauza nailoni?" Nikamwambia kila mtu anajua kwamba inatolewa. Akasema, "Kila mtu nani? Dada yako maisha yake yote ametumia mtumba. Mtumba una nailoni? Na wewe umemwambia itoe, au umejisifu ulivyoirudisha?" Nilijisifu, Theo, barua niliyokuandikia naikumbuka neno kwa neno. Nilikuuzia wewe dada yangu kwa kanuni za kumuuzia mtu nisiyemjua.

Nimepiga simu yako mpaka nimechoka, iko kabatini. Kondakta wa basi la leo jioni nimempa barua hii na maneno makali akukabidhi mkononi.

Sasa nikuambie jingine, na hapa sicheki. Nailoni imetoka, lakini baba yetu ni yule yule. Presha ya macho inatembea kwenye damu, umeniandikia mambo ya kuogopa kuambiwa, na baba aliogopa hivyo hivyo. Njoo Dar, nimeuliza daktari wa macho, yupo mzuri. Usipokuja nakuja kukuchukua. Na ili usiseme nimekupeleka kama mbuzi wa mnada, nitakaa kwenye foleni na wewe, na mimi watanipima. Mambo ya kupima siyapendi, unanijua, hata sindano ya tetenasi nilikimbia. Lakini nitakaa.

Gaude


Moshi, 15 Machi 2024

Kaka Gaude,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Nimeitoa. Ilitoa sauti ndefu kama kitenge kinachanwa, mama mkwe akaja mbio anauliza nimefanya nini, akashika kichwa kwa mikono miwili. Mishumaa ilikuwa mishumaa, Gaude. Moto wa njano na utambi mweusi, basi, hakuna duara, hakuna kitu. Nikafungua bibi harusi nikaona kope moja moja, nikaona na jasho alilolificha kwa poda. Nikatoka nje nikatazama mlima, na nikagundua kwamba muda wote huo mlima nilikuwa nauona vizuri kabisa. Nilikuwa nauona, ila nimeshajihukumu, kwa hiyo sikuhesabu. Hofu ni mwanaharamu.

Simu nayo nimeibandua protekta ya kioo, ilikuwa imechubuka mpaka nyeupe. Simu mpya kabisa.

Nimeanza kurekebisha niliyoyaharibu. Bibi harusi nimemrudishia rangi aliyopewa na Mungu, amecheka, ameniletea dada yake anayeolewa Juni. Yule wa Uru nilimfuata kwake mwenyewe, nikampelekea picha ya baba yake kwenye fremu. Aliishika muda mrefu karibu na dirisha. Akasema, "Huyu sasa ni mzee wetu," akamwambia mke wake anipikie.

Mama mkwe ameikunja ile nailoni na kuiweka chini ya godoro lake. Anasema siku moja nitaitafuta. Nimemwachia.

Kuhusu kuja Dar, nilikuwa na jawabu refu la kukataa na nimelichana. Moyo unaniambia nimeshapona, ya nini kwenda kuchokoza. Ndiyo maneno ya baba hayo hayo, nimeyasikia kwa sauti yake. Nakuja na basi la Jumapili. Unishike mkono tukiingia kwa daktari, na usimwambie mtu kwamba nilikuomba.

Theo


Moshi, 25 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimefika salama, mabegi yote, na mafuta ya nazi ya Matilda hayakumwagika. Watoto wamekuta zawadi zao, mimi wameniona baadaye.

Nakaa naisoma ile karatasi ya daktari kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Presha ya macho kawaida, mishipa mizima, apewe miwani ya kusomea kwa ajili ya umri. Ule umri umeniuma kidogo. Miwani nimeivaa, Joyceline anasema nafanana na mhasibu wa parokia. Kaka, sijui nikushukuru vipi. Nilitoka kwenye kile chumba nikakukumbatia mbele ya wagonjwa wote, na wewe ukaingia zamu yako unacheka.

Lakini kuna kitu. Wewe ulikaa ndani kuliko mimi. Ulipotoka ukasema, "Mzima kama chuma, twende Feri tukale." Tulipofika Feri ulichagua changu mkubwa kuliko wote, ukabishana na mkaangaji kama kawaida yako, halafu ukamla upande mmoja ukamwacha. Nimekujua tangu nazaliwa. Hujawahi kuacha samaki. Stendi ulinibeba begi bila kunitania hata mara moja, na nilipokutazama kupitia dirisha la basi ulikuwa umefunika jicho la kulia kwa kiganja unatazama watu.

Mimi nilikuficha wiki mbili nikaona faida yake. Daktari alikuambia nini?

Theopista


Kariakoo, 3 Aprili 2024

Theo,

Marahaba. Nimeiacha barua yako ipite Pasaka ndipo nijibu. Nilitaka kwanza nirudi kwa daktari nije na jibu lenye miguu miwili.

Ninalo. Mimi ndiye niliyechukua ya baba.

Tulia, usitupe karatasi. Daktari aliponipima alirudia, akaita mwenzake, naye akapima. Presha ya macho yote mawili iko juu, na jicho la kushoto mshipa wake umeanza kuliwa, kidogo. Wakaniweka mbele ya kile kioo cha vidoti vya mwanga, ukiona kidoti unabonyeza. Mimi muuza vioo nikasema hii kazi yangu. Kumbe kuna kona nzima kule pembeni vidoti vinawaka na mimi nimekaa tu nasubiri. Sikuwa na dalili hata moja, Theo. Sikuona ukungu wala duara. Naona kila kitu kilichopo dukani mwangu na ningekuapia. Daktari anasema ndivyo ulivyo, huo ugonjwa haupigi hodi, wale wanaoona dalili mara nyingi wamechelewa.

Sikukuambia kwa sababu siku ile ilikuwa yako. Umenikumbatia kwa furaha, ningekuambia nini? Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa, nikafanya kama baba, siku ya kwanza tu, bila hata kufundishwa. Nimesimama stendi nikajiziba jicho moja kuona kama nitakuona dirishani. Nilikuona.

Hata Matilda sikumwambia. Ila chupa ndogo ya dawa huwezi kumficha mke. Alinikuta bafuni nimeinua uso juu, dawa inateremka shavuni, tone hata moja halijaingia jichoni. Alinikalisha kwenye ndoo akaniwekea yeye. Hakuuliza kitu mpaka amemaliza macho yote mawili, kisha akakaa chini sakafuni akauliza yote. Sasa kila jioni ndiyo kazi yetu. Anaiweka kwa shabaha kuliko nesi.

Jana nimerudi kupimwa. Presha imeshuka, macho yote mawili. Daktari amefurahi kuliko mimi. Amesema kilichopotea hakirudi, lakini ni kidogo, na nikiweka dawa kila siku bila kuruka nitazeeka nikiwa naona. Nikamuuliza, ningechelewa? Akasema miaka michache mbele ungekuja umeshikwa mkono. Kisha akaniuliza kilichonileta mapema hivi bila dalili, watu wengi hawaji. Nikamwambia nilimsindikiza dada yangu, alikuwa na tatizo la monita.

Nisingekwenda, Theo. Unanijua. Hakuna mtu mwingine ambaye kwa ajili yake ningekalia kile kiti.

Kuna jambo moja umebaki nalo wewe. Hillary naye ni mtoto wa baba. Tulimficha mengi, sasa ajue, na wewe ndiye unayeweza kumtisha. Mimi ananicheka.

Kaka yako,
Gaudens


Moshi, 6 Aprili 2024

Kaka yangu,

Shikamoo.

Nilikasirika kwanza. Nilisoma mpaka pale pa kuchukua ya baba, nikaiweka barua juu ya meza nikakutukana kwa Kichagga, matusi ya bibi, yale ambayo padre hayajui. Uliniachia nile samaki nacheka na wewe umebeba hilo peke yako. Usirudie. Ukirudia nakuja huko Kariakoo kukupiga mbele ya Janki.

Nikaichukua tena. Nilipofika pale presha iliposhuka, nililia, na sikwenda chooni safari hii.

Hillary nimempigia. Alianza kucheka, nikamwambia habari ya lile koti mlangoni. Hakuwahi kuisikia, alikuwa mdogo. Kicheko kikaisha hapo hapo, akasema Jumatatu atakwenda, na ameshaandika kwenye grupu la ukoo kwamba kila mtoto na mjukuu wa mzee akapime. Shangazi wa Rombo ameuliza kama kuna mchango.

Baada ya hapo nilitoka uani nikamshukuru Mungu kwa sauti ambayo sijaitumia tangu ubatizo wa Joyceline. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha. Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi, ananitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Nani kajifungua?"

Nikamwambia, mama, hakuna aliyejifungua. Kaka yangu anaona.

Theopista